Mlango Ambao Sikuusimulia

Ipo Jumapili moja ya ujana wangu, mwanangu, ambayo imenirudia wiki hii. Mjukuu wangu aliniwekea kwenye simu yake sinema ya zamani ya hoteli ndefu iliyoshika moto, ile niliyoitazama mjini nikiwa na miaka kumi na saba. Nilitaka kujua kama yule stering, maana ndivyo tulivyomwita mwigizaji mkuu, bado ni mwanamume wa kutisha vile. Kumbe ni kijana tu, umri wa kitinda mimba wangu! Na lile jasho lake, ukiangalia vizuri, ni maji ya kurashiwa. Nilicheka peke yangu hadi mjukuu akanishangaa.

Zamani hizo huku mtaani kwetu Eastlands si kila mtu aliweza kwenda sinema. Ploti yetu ilikuwa na familia nane na bomba moja. Tulimtuma mmoja, naye Jumapili alitusimulia kwenye karo, pale pa kufulia, mikono ya watu ikiwa kwenye povu. Mara nyingi nilitumwa mimi, kwa kuwa nilikuwa na mdomo. Niliigiza sauti, nikaanguka, nikafa, nikafufuka. Nilipenda sana kutazamwa, siwezi kukuficha.

Sasa, katika sinema hiyo kuna mlango. Stering anaukaribia, anaugusa kwa mgongo wa kiganja, anahisi ni wa moto, anageuka kutafuta njia nyingine. Weita mmoja, mhudumu wa hoteli, hamngoji. Anaufungua, anaungua, anakufa. Mimi niliona hayo yanapoza hadithi. Weita nikamtoa kabisa, na stering wangu akaupiga mlango teke, akapita katikati ya moto, akatokea upande wa pili akipangusa suti. Karo nzima ilishangilia.

Hazikupita wiki tatu, stovu ya mafuta ya taa ikalipuka kwa jirani yetu Mama Achieng', mchana kweupe. Watu wote walitoka salama. Lakini cherehani iliyoilisha familia yake ilibaki ndani, na Achieng', binti yake wa miaka kumi, aliwaponyoka watu, akakimbia, akaupiga mlango teke. Moto ukamrukia.

Tulimvuta, lakini mkono wa kulia ulikuwa umeungua hadi kwenye kiwiko. Nilipoenda kumwona hospitalini hakunilaumu. Aliniuliza tu, kwa kutaka kujua: "Si ulisema stering alipita na hakuchomeka? Mimi nilikosea wapi?"

Nilirudi nyumbani nikilia barabarani bila kujali nani ananiona.

Mzee Wekesa, jirani aliyestaafu kazi ya zimamoto, alinikuta nimejiinamia karoni.

"Katika hiyo sinema, mambo ya mlango yalikuwa hivyo kweli?"

Nikamwambia yote, pamoja na weita.

"Na huyo weita alikuwa anaitwa nani?"

"Sijui, mzee. Hakuwa mtu wa maana kwa hadithi."

"Mimi nimebeba watu kama hao miaka mingi, msichana. Hakuna hata mmoja alikuwa stering. Jumapili utasimulia tena, na uanze na yeye."

Nilisimulia. Hakuna aliyeshangilia. Mama Achieng' alisikiliza hadi mwisho, akachukua karai lake, akaondoka. Ilimchukua mwaka mzima kunisalimia, nami sikumlaumu.

Juzi nilingoja mpaka majina ya waigizaji yakaanza kupanda. Zamani wakati huo ukumbi mzima ulikuwa umeshatoka. Weita yumo, karibu na chini kabisa. Nilimwambia mjukuu asimamishe, nikalisoma jina lake kwa sauti, mara mbili.

Basi, mwanangu, wewe nawe una mdomo, tena una simu ya kuupeleka mbali kuliko karo yetu. Ukisimulia jambo, ile sehemu unayoiona inachosha huenda ndiyo itakayomwokoa mtu. Usiiruke kwa sababu ya makofi. Mtaje aliyeanguka kabla hujamtaja aliyeshinda, na ukikosea, rudi palepale ulipodanganya ukaseme kweli mbele ya walewale.

Mungu akujalie wasikilizaji wengi, mwanangu, na asije mtoto yeyote kukuuliza alikosea wapi.