Wasifu wa Mama, Toleo Lililosahihishwa

Mama yangu aliwafungia abiria wa treni vitumbua kwa waandishi wote mashuhuri wa dunia wenye majina yanayoanzia A mpaka C. Sifumbi fumbo. Shamba la mkonge la Kimamba lilipouzwa kwa mmiliki mpya, vitu vya nyumba ya meneja wa zamani vilitupwa uani. Mama, aliyekuwa akiuza vitumbua stesheni ya Kilosa, akaenda na baiskeli ya kuazima, akarudi na gunia la vitabu. Karatasi ya bure, nani akatae? Ndani yake mlikuwa na riwaya kongwe za Kiingereza, na kitabu kimoja kinene kama tofali, maisha ya waandishi yamepangwa humo kwa herufi. Nilipokigundua, alikuwa ameshakichana hadi C. Nilipiga yowe mpaka majirani wakaja na fimbo, wakidhani nyoka.

"Haya, chukua uchafu wako," mama akasema. "Lakini karatasi zikiniishia nachana madaftari yako."

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nakaa nyumbani na wadogo zangu wanne. Ajira zilikuwa zimekauka. Baba mwenyewe alikuwa amepunguzwa kazi reli, akaaga kwamba anakwenda Mikumi kutafuta kibarua, na Mungu si Athumani, akapata vyote viwili, kibarua na mke. Hakurudi. Mama hakulisema jambo hilo hata siku moja. Akaongeza kilo za mchele wa kuloweka, basi.

Mimi nikasoma. Riwaya zilipokwisha nikaingia kwenye lile tofali, kamusi pembeni, na nikagundua siri: wakubwa wote wana maisha ya aina moja. Kwao walikuwa maskini. Walikohoa. Walikuwa na kipindi cha kwanza cha kazi zao, kisha kipindi cha pili kilichokomaa zaidi. Pombe iliwaharibia kazi za mwisho, na hawakuthaminiwa enzi za uhai wao.

Basi akafa muuza mkaa wa mtaani kwetu Mabwerebwere. Wafiwa wakanijia niwaandikie wasifu wa marehemu, wa kusomwa kabla ya kwenda makaburini, kwa sababu nilikuwa na mwandiko mzuri. Niandike nini? Mtu kauza mkaa, kafa. Nikafungua tofali langu. Siku ya pili nikasimama chini ya turubai, nikasoma kwamba wataalamu hawajakubaliana kuhusu mwaka wa kuzaliwa kwake, na kwamba hakuthaminiwa vya kutosha enzi za uhai wake. Weee! Msiba mzima ukaangua kilio. Hata waliokuwa wakimsema kwa magunia yake yaliyojaa vumbi walilia kwa kwikwi.

Toka siku hiyo sikupumzika. Walinifuata kutoka Kimamba, wakanifuata kutoka Magole. Fundi cherehani mmoja nilimwandikia kwamba kipindi chake cha kwanza kilitawaliwa na kaptula za shule, na cha pili, kilichokomaa zaidi, na magauni ya harusi. Watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Nilikuwa na kiburi, sifichi.

Kila nikirudi msibani mama ananingoja na swali lake. "Wa leo umempa vipindi vingapi?"

"Viwili."

"Mimi ninavyo vingapi?"

"Mama, huo uchuro! Mtu haandikiwi angali hai."

"Akishakufa atasikia kwa sikio gani?"

Ukweli ni kwamba sikuwa na pa kunakili maisha ya mwanamke. Siku moja aliniambia nimtafsirie habari za mke wa mmoja wa wale wakubwa. Nikatafuta, nikamsomea: "Alimwoa binti wa mfanyabiashara, wakapata watoto saba."

"Enhe?"

"Basi, mama."

"Watoto saba, mstari mmoja?" Alinitazama kana kwamba nimekiandika mimi. "Na hicho ndicho ulichonililia nisikichane!"

Kilichonikomesha ni mazishi ya mzee mmoja mstaafu pale mjini. Wakubwa wa kwenye kitabu karibu wote ndoa ziliwashinda, nami kwa mazoea nikanakili, nikasoma kwa sauti mbele ya watu: "Ndoa yake haikuwa ya furaha." Mjane akainuka mkekani polepole.

"Nani amekwambia?" akauliza.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

"Marahaba. Nauliza nani amekwambia, maana mimi nimekaa nayo miaka arobaini sijamwambia mtu."

Nusu ya watu walificha nyuso kwenye khanga, mabega yanatikisika. Watoto wa marehemu hawakucheka. Walininyang'anya karatasi, na nilifika nyumbani viatu mkononi. Nikaapa siandiki tena wasifu wa mtu yeyote.

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akafuta macho, akasema, "Vizuri. Sasa una nafasi. Kaa uandike wangu."

Safari hii hakuomba. Alisema kwa nini anautaka. "Nikifa, baba yako atakuja. Wanaume wa namna ile hawakosi kuja kuzika. Nataka awe amekaa pale kwenye benchi, asikie. Mimi sikumwambia kitu, nilikuwa nina watoto wa kulisha."

Nikafunga lile tofali. Akasema, nikaandika. Kipindi cha kwanza, binti wa manamba, vibarua wa mkonge, anakata kuni shambani Kimamba. Kipindi cha pili akakitaja huku anakoroga unga, hata hakunitazama: "Andika hivi. Mume wangu alipotelea Mikumi, na wala hakuliwa na simba. Nikabaki na watoto watano na kikaango kimoja, na hakuna aliyelala njaa." Kipindi cha tatu, vitumbua, vilivyojulikana stesheni hadi stesheni. Nilipomaliza kumsomea akafunika unga. Kisha akasema niurudie.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na wasifu wake hakuuacha upumzike. Akija shoga yake yeyote wa stesheni, naamriwa niusome. Akipata mjukuu, naongeza. Akikosana na mtu, nafuta. Daftari liliingia toleo la tano, lililosahihishwa na kuongezwa. Wale wanawake waliusikia mara nyingi hata wakawa wananitangulia maneno, na wakifika kwa simba wanapigana vikofi.

Mama alipokufa, baba alikuja, kama alivyosema. Alishuka kwenye basi la Mikumi na kofia yake, amekonda, mvi tupu, akaketi mwisho wa benchi la wanaume. Nikamwamkia, akaitikia kwa sauti ndogo. Jamani, nilimwonea huruma, na huruma ile iliniudhi. Nikakumbuka yule mjane alivyosimama na watu walivyonitazama. Nikajiambia, mwacheni mzee wa watu, leo ni siku ya kuzika.

Nikafungua daftari. Nikasoma kipindi cha kwanza. Nikafunua kurasa mbili kwa pamoja, nikaanza vitumbua.

"Umeruka!" sauti ikatoka mkekani. Alikuwa mmoja wa wale wauzaji wenzake, mkongojo mkononi. "Umeruka cha pili!"

Nikajifanya sisikii. Nikaendelea na vitumbua. Basi wakaanza wenyewe, wanawake wote wa stesheni kwa pamoja, macho mekundu kwa kulia: "Mume wangu alipotelea Mikumi, na wala hakuliwa na simba." Mwingine akacheka, mwingine akapiga yowe la kilio, sikujua lipi ni la nani. Baba alivua kofia, akaishika magotini. Hakuondoka.

"Rudi nyuma, mwanangu," akasema yule wa mkongojo. "Yeye alitaka usomwe mzima."

Nikarudi. Nikasoma: mume, simba, watoto watano, kikaango kimoja. Sikuruka hata nukta.