Ya Kulia Hii Hapa

Juzi nilikuwa Darajani, nimesimama mbele ya duka la spea, ikapita gari kongwe huku tairi yake ya nyuma ikiunguruma. Watu hawakugeuza hata shingo. Mimi niligeuka mzima mzima. Kama hujawahi kuisikia sauti ile, mwenzangu, fikiria mtu anasaga nafaka kwa jiwe, na kadiri gari inavyozidi mwendo ndivyo naye anavyozidi kusaga. Hiyo ni beringi iliyokwisha. Sisi tuliishi na sauti hiyo muda mrefu mpaka tukaizoea.

Gari ilikuwa ya baba, na ilinizidi umri. Bibi, mama yake baba, miguu yake ilikuwa haikunjiki vizuri, daladala haziwezi. Lakini ndani ya gari ile aliingia kama anayekaa kitandani kwake. Mwaka huo nilikuwa darasa la tano. Mdogo wake bibi, aliyeolewa Mangapwani, alishikwa na maradhi mazito, akatuma salamu moja tu: dada aje tuonane. Baba akasema hatutoki mpaka beringi ibadilishwe, maana tairi inaweza kukwama njiani.

Kwanza ilibidi ijulikane ni tairi ipi. Sauti ya beringi huzunguka ndani ya gari, na aliye mbele haipati sawasawa. Basi tukatoka kuzunguka mjini. Baba aliendesha, mimi nikakaa mbele ubavuni pake. Bibi alikaa nyuma yangu, upande wa kushoto, amelaza sikio mlangoni.

"Ipi, mama?" baba aliuliza, macho yake yakiwa barabarani.

"Ya kulia hii hapa."

"Una hakika?"

"Nnakwambia ya kulia hii! Mimi kiziwi?"

Baba akacheka, tukarudi nyumbani.

Kesho yake asubuhi baba aliinyanyua gari kwa jeki ya jirani yetu seremala, akaweka mawe kuzuia matairi ya mbele. Akaitoa tairi ya nyuma ya mkono wa kulia, kisha kile chuma cha mviringo kinachobeba tairi, ambacho beringi hukaa ndani yake. Alikigonga kwa nyundo mpaka beringi ya zamani ikatoka. Akaizungusha kidoleni, ikakwaruza kidogo. "Imechoka hii," alisema, akaridhika.

Beringi mpya ilikuwa imelala ndani ya friji, katikati ya vifuko vya barafu ya ubuyu ambavyo bibi aliwauzia watoto wa mtaani. Chuma kikipata baridi hunywea. Kile cha kuipokea nacho kilitakiwa kipate moto kitanuke, na moto uliokuwepo ulikuwa wa seredani ya bibi. Bibi akaepua sufuria yake ya mchuzi wa pweza, akampisha mwanawe. Mimi nikapepea makaa.

Jirani akachungulia. "Bi Mkubwa, leo mnapika nini? Supu ya chuma?"

"Lete bakuli," bibi alimjibu. "Meno unayo?"

Tulicheka sote. Beringi iliingia yenyewe, bila nyundo, na baba akapiga makofi kama mtoto. Mchana tulikula boflo na chai kwa sababu mchuzi haukuwahi kuiva. Jioni bibi akachoma mkate wa ufuta wa kumpelekea mdogo wake, nao ukanuka grisi. Hakulalamika. "Atajua umetoka kwa watoto wa gereji," alisema. Hiyo ndiyo mara ya mwisho ninayoikumbuka kumsikia bibi akimfanyia baba mzaha.

Asubuhi yake tulitoka mapema. Tulipoingia barabara kubwa sauti ikaanza tena. Baba akazima redio. "Mpya hii, inajizoesha," alisema. Bibi alikuwa kaupakata mkate. Tulipoipita Bububu gari ikapiga ukelele, ikavutwa pembeni, na moshi ukatoka nyuma, upande wa kushoto. Tairi ilikuwa imekwama.

Baba alishuka, akainama, akagusa, akaunguza vidole. Alipoinuka uso wake ulikuwa umebadilika.

"Mama, ulisema kulia."

"Nilisema ya kulia. Kwani hii siyo iliyokuwa ikilia?"

"Mkono wa kulia, mama!"

"Huo mimi nauita kuume," bibi alisema. "Tangu nikuzae, ushanisikia nikiuita vyengine? Na kidole nilikuonyesha. Hukugeuka."

Na ni kweli. Kwa bibi tulianza kuvaa kiatu cha kuume, tulikula kwa mkono wa kuume, na tulilalia ubavu wa kuume. Baba alikuzwa na neno hilo.

Alikuwa bado amesimama pale pembeni ya barabara, anapungia magari mkono, simu yake ilipolia. Alisikiliza. Bibi alimtazama usoni, akasoma innalillahi polepole, akaufunika mkate kwa upande wa kanga yake. Tulipopata gari ya kutufikisha Mangapwani, wanaume walikuwa wanarudi kutoka makaburini. Mdogo wake alikuwa ameoshwa na mikono mingine.

Baadaye baba aliibadilisha beringi ya kushoto nayo, na gari ikawa kimya kabisa. Bibi hakuipanda tena. Aliishi na baba nyumba moja miaka kadhaa, akimjibu "naam" na "sijambo" na "nshakula", si zaidi. Akafa hivyo.

Sasa gari imekatwa vyuma. Seredani sijui ilikokwenda, na uani kwetu pamejengwa vyumba vya wageni. Neno kuume silisikii kwa mtu. Wageni wakipotea vichochoroni humuuliza baba njia, naye hasemi kulia wala hasemi kuume. Anainuka kitini, ananyoosha kidole, na hakishushi mpaka mtu ageuke atazame.