Mama-Buko wa Miezi Mbili

Mi haya yangu nimeificha miaka mingi, na ata sasa mukono inakataa kuandika, lakini bajukuu yangu banazaa na kupa batoto majina bila kuuliza muntu, basi musome, mucheke kama munapenda, mi siku ile sikucheka.

Katanga ilikuwa inchi ya peke yake wakati ile, na shiye tulikuwa tunaikala mu commune Kenya, mutaa ya Lubumbashi: mi, bwana yangu (alikuwa anatumika ku treni, mukatoliki wa kaskazini, mugumu sawa jiwe) na mutoto yetu Banza wa miaka mbili. Nikazaa binti. Ba-mama ba jirani balikuwa banaita babinti yabo Monique, Georgette, mumoja alimuita wake Indépendance. Mi nikasema hapana, wangu ataitwa Mwenya, jina ya mama yangu wa Kasenga, jina ya kizee ambayo ata kule Luapula hakuna tena aliyekuwa anaipa mutoto, juu nilikuwa ninamukumbuka mama na vita ilikuwa imekata njia, sikujua kama eko muzima. Bwana yangu alikuwa ku kazi. Sikumungojea. Njo kosa yangu, ile tu.

Akarudia, akamubeba mutoto, akauliza: «Tunamuita nani?» Nikamuambia. Akamurudisha pa kitanda polepole, sawa muntu mwenye kushika makaa ya moto. Kwabo muntu na mama-buko yake, mama mwenye kumuzalia bibi, ni kusema muke, habagusane, habakule pamoja, akimuona mu njia anaacha njia. Na mutoto akibeba jina ya muntu, yeye njo ule muntu. (Kwetu heshima iko, lakini mutoto ni mutoto, nilifikiri atazoea.) Hakuzoea. Nikimuosha mutoto, yeye anatoka inje na sahani yake ya bukari, ugali yake. Mutoto akilia, ananiita: «Mama Banza, kuja, mama-buko analia!» Jirani yetu Mama Georgette alikuwa anakuja tu kwa kutazama ile, na mi nilikuwa ninacheka naye, mujinga mukubwa.

Siku moja, saa sita ya muchana, Mwenya eko na miezi mbili, masasi ya bunduki ikaanza kulia upande yetu, bantu bote bakakimbilia ku masomo, shule ya mapadre. Banza alikuwa na homa, nikamufunga ku mugongo, unga na sufuria ku kichwa, nikamutia Mwenya mu mikono ya baba yake, nikasema: «Beba! Leo hakuna buko!» nikakimbia bila kuangalia nyuma.

Mu darasa tulijaa sawa samaki mu kitunga. Bwana yangu akafika na kinga yake (baiskeli), godoro juu ya kinga.

«Baba Banza, mutoto eko wapi?»

Akaangalia bantu, akasema chini-chini: «Nilimulalisha pa kitanda. Niliita Mama Georgette ku dirisha akuje kumubeba.»

Na Mama Georgette alikuwa ameikala pale pale, mbele yetu, na batoto yake bane. «Mi? Tata, mi nilitoka wa kwanza! Uliita nani?»

Nikapiga kelele, niseme ukweli: ameacha mutoto juu ya kuogopa jina! Darasa yote ikasikia. Na bantu, mu masasi ile yote, bakacheka. Muzee mumoja akasema: «Mumuache, mama-buko ni muntu mukubwa, anajua njia.» Mwengine: «Ungemutandikia ata kiti ku kinga!» Nikamutupia Mama Georgette mutoto Banza, nikatoka, mupe mumoja, padri wa pale, akanishika kikwembe ya kiuno kwa kunikataza, nikamuachia kikwembe, nikakimbia mu avenue na jupon ya ndani tu.

Bwana yangu alinipita mbio. Tulikuta bati imetobolewa, udongo ya ukuta imeanguka pa kitanda, na Mwenya mu ile udongo, mweupe kichwa mpaka miguu, sauti imekwisha, anafungua tu kinywa. Baba yake akasimama ku mulango. Mikono yake ikatoka mbele, ikarudi. Ikatoka, ikarudi. Machozi inamuanguka. Nikamubeba miye.

Tulilala ku masomo siku tatu. Kila asubui bantu banapita: «Mama-buko ameamukaje?» Bwana yangu akahamia darasa ya baseja.

Mwaka moja na zaidi ikapita, vita ikakwisha, njia ya Kasenga ikafunguka, mama yangu akakuja na samaki ya kukauka. Aliposikia hakucheka. «We mwana, buko inaondolewa na kuku! Habakukuambia?» (Nani aniambie? Niliolewa huku Lubumbashi, bila bazee.) Akapika kuku, akamupa bwana yangu na mukono yake mwenyewe, sawa desturi ya kwetu: «Baba, kula. Tangu leo umubebe.» Kuku moja tu.

Akakula, akanawa, akainama, akanyoosha mikono kwa binti yake. Mwenya alikuwa anakimbia tayari. Akamuangalia, akalia, akamusukuma, akakuja kujificha nyuma yangu. Hakumujua.

Basi, mi sasa mutoto akizaliwa mu jamaa siulize kama jina iko muzuri ao ya zamani. Ninauliza nani mu nyumba hatamubeba tena. Na mpaka munijibu, mutoto atalala bila jina.