Mbona Mimi Sijaulizwa

Shangazi yangu, dada wa baba, ni fundi cherehani, na miaka ile alikuwa amechoka kuhama. Kila aliyempangisha chumba alimjia siku moja na maneno yale yale: mwanawe anaoa, au mama yake anahamia, au nyumba inabomolewa. Mara ya mwisho mimi na kaka yangu tulimbebea kabati la nguo mvua ikitunyeshea, naye akatuambia, "Wanangu, safari nyingine ya hili kabati mtalibeba mimi niko kaburini, sina habari." Tukacheka, lakini yeye alikuwa amekata shauri. Akaanza kutafuta nyumba ya kununua.

Dalali wake alikuwa jamaa mmoja mwembamba tuliyemwita Chapchap, mtu wa simu mbili na maneno ya simu kumi. Alimpeleka kwenye nyumba ya vyumba vitatu mwisho wa kichochoro. Mwenyewe alikuwa mzee mmoja, dereva mstaafu wa malori, ambaye siku hizo alikuwa akikaa kwa mdogo wake. Alifungua kufuli ya geti, kisha kufuli ya mlango, akasema nyumba haina mtu, waingie tu.

Wanaume wakabaki nje wakibishana juu ya jiwe la mpaka. Shangazi akaingia peke yake. Jua lilikuwa limepanda na madirisha yalikuwa wazi, lakini ndani palikuwa na ubaridi wa kisima. Katika chumba cha pili akamkuta mwanamke ameketi ukingoni mwa kitanda kisicho na godoro, anakunja shuka. Amevaa gauni la kijani, vifungo hadi shingoni. Shangazi akabisha hodi. Yule mwanamke akageuza kichwa, akalitanguliza sikio la kushoto, kama mtu ambaye sikio lake jingine halimsaidii.

"Samahani dada, sikujua kuna mtu," shangazi akasema. "Nimekuja kuiona nyumba. Nasikia inauzwa."

"Inauzwa?" Alilitamka neno polepole. "Mbona mimi sijaulizwa?"

Hakuonyesha hasira. Shangazi anasema ilikuwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayeuliza nani kaihamisha sufuria. Akaendelea na shuka lake. Alilikunja mpaka likawa dogo kama leso, akalikunjua lote, akaanza upya. Shangazi akaona haya, akatoka.

Nje, mzee akarudishia kufuli ya mlango.

"Baba, mbona unamfungia mwenzako ndani?" shangazi akauliza.

Chapchap akacheka akidhani ni utani. Mzee funguo zilimponyoka. Aliinama kuziokota, akakaa ameinama muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. "Huyo ana mlango wake wa nyuma," akasema bila kumtazama.

Shangazi hakutaka kuchimba mambo ya watu. Ila wakati wa kuondoka alipitia uchochoro wa nyuma, akautazama ukuta. Plasta moja, toka pembe hadi pembe. Hapakuwa na mlango.

Kwa bahati alikuwa na wakili, binti ambaye shangazi alimshonea sare tangu shule ya msingi. Akamweleza yote, hata habari za yule mwanamke.

"Shangazi, nyumba hailipiwi kwa sura," wakili akamwambia. "Kwanza twende ofisi ya ardhi, tukaangalie hati ina jina la nani na kama haina deni wala kesi. Halafu huyo aliye ndani lazima tumjue. Anayekaa kwenye nyumba anaweza kuwa na haki yake."

Majibu ya ofisi ya ardhi yalikuja na majina mawili, la mzee na la mke wake, kila mmoja na nusu yake. Wakili akampigia mzee simu, akamwambia mama lazima afike mwenyewe, na kitambulisho, asaini mbele yake kwamba ameridhia kuuza.

"Atakuja," mzee akasema.

Shangazi roho ikatulia. Kumbe yule ndiye mke, na sasa ataulizwa.

Siku ya kusaini mzee alifika ofisini kwa wakili na mama mmoja mnene, mchangamfu, pete hadi kwenye kidole gumba. Aliishika kalamu kabla hajaambiwa. Shangazi akaendelea kutazama mlangoni.

"Mbona tunakawia?" mzee akauliza.

"Namsubiri mama mwenye nyumba."

"Si huyu hapa? Mke wangu."

"Huyu siye niliyemkuta chumbani," shangazi akasema. "Yule ni mwembamba, ana gauni la kijani. Ukimsemesha anakupa sikio la kushoto."

Mzee akasogeza kiti karibu naye. "Alikuwa anafanya nini?"

"Anakunja shuka."

Mama wa pete akaiweka kalamu chini taratibu. "Mzee, haya hukuniambia," akasema. "Uliniambia ni kusaini tu." Akachukua mkoba wake, akaenda zake, na ngazi tukazisikia akizishuka mbilimbili. Nilikuwepo, nilikuwa nimemsindikiza shangazi.

Mzee alilia bila kujificha, akatueleza. Mkewe alikuwa amekufa, mwaka wa pili sasa. Wiki zake za mwisho alikunja shuka tu, mchana kutwa, na ukimnyang'anya alikuwa akilia kama mtoto. Binti yao pekee alikataa nyumba kuuzwa, baba na mwana wakanuniana, mzee akaona njia fupi ni kutafuta mwanamke wa kusaini.

"Njia fupi hiyo inaishia jela," wakili akamwambia, lakini kwa upole. "Nusu ya marehemu si yako kuiuza. Nenda mahakamani na binti yako. Mahakama iteue wasimamizi wa mirathi, itoe tangazo mwenye dai ajitokeze. Wasimamizi ndio watakaosaini kwa niaba yake."

Tuliporudi nilimsihi shangazi atafute nyumba nyingine. Mimi hata kichochoro kile nisingepita.

"Hakuniambia niondoke," akajibu. "Alisema hajaulizwa."

Basi akasubiri, karibu mwaka mzima, kwenye chumba cha kupanga. Binti wa mzee alipokuja kutoka mji anakofanyia kazi ya unesi, alikuja amefura. Shangazi akamsimulia alichokiona. Binti aliuliza jambo moja tu: "Alikupa sikio gani?" Alipojibiwa, akakaa chini.

Mahakama ikamteua yeye na baba yake pamoja. Mwenye dai hakutokea. Ikabaki kusaini. Lakini binti akaomba kwanza aingie nyumbani peke yake.

Tulisimama uani: mimi, shangazi, mzee na Chapchap, ambaye kwa mara ya kwanza alizima simu zote mbili. Kupitia dirishani tuliisikia sauti ya binti. Ilikuwa sauti moja tu. Anasema, ananyamaza, anasema tena. Kule kunyamaza ndiko kulikonisimamisha nywele, maana kulikuwa na urefu wa jibu la mtu, kila mara urefu wake, na safari moja binti alicheka mahali ambapo hakuna aliyesema kitu.

Akatoka macho mekundu, uso umelegea. "Nimemuuliza," akasema.

Wakasaini siku ile ile, baba na mwana, na baada ya kodi na mihuri yote hati ikatoka na jina la shangazi. Mzee na binti yake wanazungumza sasa. Kabati likapanda mkokoteni tena, na shangazi akatangulia mbele kuonyesha njia.

Anaishi pale mpaka leo, cherehani iko sebuleni. Anasema hajamwona tena yule mwanamke, nami sijamuuliza mara ya pili. Ila chumba cha pili hajakipangisha, ingawa wanaokitaka ni wengi. Mteja akiuliza kama kuna mtu mle ndani, shangazi huugeukia kwanza mlango wa chumba kile, ndipo hujibu.