Mbinja Ambayo Kaka Hakuisikia

Kaka yangu alipopata kibali cha kuwinda elki alinipigia simu kazini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Elki ni mnyama wa jamii ya kulungu, ila dume lake ni zito kama ng'ombe na pembe zake zinaweza kuziba mlango. Katika jimbo la Ontario wako wachache, kwa hiyo vibali hutolewa kwa kura, na kaka alikuwa amekosa miaka nenda miaka rudi.

"Safari hii nimepata, mdogo wangu!" alisema kwa sauti iliyowafanya wenzangu wa ofisini wageuke. "Jiandae, tunakwenda kulikagua pori."

Hakuniuliza kama nina nafasi. Yeye ndiye aliyenileta Kanada mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Alinipokea uwanja wa ndege akiwa ameshika koti la baridi, akanipa chumba nyumbani kwake North York mpaka nilipopata kazi yangu Markham. Alikuwa kiwandani tangu ujana wake, kwenye mashine za kukandamiza vyuma vya magari, na likizo zake zote aliishia porini. Mimi sikuwa mwindaji. Nilimfuata kwa sababu nilizoea kumfuata.

Tuliondoka Jumamosi moja ya Septemba, wiki chache kabla ya msimu kufunguliwa. Tuliupita mji wa Pickering kungali na kiza, kisha tukashika barabara ya kaskazini. Redio ya gari ilikuwa inapasua masikio. Nikaipunguza, akaiongeza. Nikaipunguza tena.

"Unataka tusikilize au tubahatishe?" akaniuliza. Nikacheka. Nyumbani kwake mambo yalikuwa hayo hayo. Binti yake alishawahi kuniambia, kwa Kiingereza chake cha haraka, kwamba baba anaona watu wote siku hizi wananong'ona.

Eneo tulilokwenda lilikuwa geni kwetu sote: vilima vya mawe, misonobari, vinamasi katikati. Njia ya kuingilia ilipita kwenye shamba la mama mmoja wa Kizungu. Kaka alishuka kumwomba ruhusa, mimi nikabaki nyuma ya gari nikitafuta buti zangu. Nilimwona mama yule akizungumza kwa kirefu huku akionyesha upande wa mto. Kaka aliitikia kwa kichwa, akacheka, akamshukuru.

"Anasemaje?"

"Tupite popote. Mama mwema sana."

Asubuhi ile ya kwanza ilinipa raha. Kaka alipiga magoti penye nyayo, akapima upana kwa vidole. Alinionyesha mti mchanga ambao dume lilikuwa limeuchuna magome kwa pembe, utomvu bado unatiririka. "Huyu yuko karibu," alisema. Uso wake ulikuwa mwepesi, kama wa mtu aliyeambiwa habari njema.

Ndipo ilipopigwa ile mbinja. Dume la elki haliungurumi. Linapiga sauti nyembamba, ndefu, inayopanda mpaka mwili unakusisimka. Ilitoka bonde la pili, ikarudiwa. Nilimshika kaka mkono.

"Ndiye huyo!"

"Nani?"

"Elki! Husikii?"

Aliinamisha kichwa, akatega sikio. Mbinja ikapigwa mara ya tatu, safi kabisa. Nilikuwa namtazama usoni. Hakuna kilichobadilika.

"Acha utani," alisema. "Mimi ndiye ninayewajua wanyama hawa, si wewe."

Niliona amekasirika, lakini chini ya hasira ile kulikuwa na kitu kingine ambacho sikutaka kukiangalia sana. Akasema tuachane kidogo: mimi nipande mwambani na darubini, yeye ashuke mtoni akatafute matope wanamogaagaa madume.

Nikiwa juu nilimwona akivuka maji na kuchuchumaa ng'ambo, akichunguza ardhi. Nilisogeza darubini kidogo tu. Nyuma yake, kwenye vichaka vya matunda, watoto wawili wa dubu walikuwa wanapanda mti mbio mbio. Chini yao alisimama mama yao.

"Kaka! Dubu! Nyuma yako!"

Hakugeuka. Hakukuwa na upepo, na maji yalikuwa hayana kishindo. Dubu alipiga ardhi kwa mguu wa mbele, akakoroma kwa nguvu mpaka mimi nikasikia kule juu. Kaka alikuwa anasugua udongo kwa vidole, ametulia. Niliteremka mawe yale nikiita jina lake, jina ambalo tangu utoto sikuwahi kulitamka mbele yake bila heshima ya "kaka". Nilipofika ukingoni niliokota jiwe, nikalitupa majini mbele yake. Maji yakamrukia. Akainua macho, akaona mkono wangu, akageuka.

Alijua la kufanya. Alisimama taratibu, akarudi kinyumenyume ndani ya mto huku akimwambia dubu kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili, "Naondoka, mama. Naondoka." Dubu akabaki pale pale na wanawe.

Tulipofika mbali kaka alinishika kola. 

"Mbona hukuniita?"

Koo langu lilikuwa limekauka kwa kumwita.

Tulipopita tena shambani, mama yule alitukuta na kuuliza kama tumeona chochote. Nikamweleza. Akashangaa: "Lakini niliwaambia msivuke mto. Nilisema kuna dubu mwenye watoto." Kaka alikuwa anautazama mdomo wake ukicheza. Kisha akaingia garini.

Njiani nilimwambia, nikilazimika kupaza sauti, kwamba hasikii vizuri na kwamba sitakwenda naye kuwinda mpaka akapimwe.

"Yule mama anaongea kama ana chakula mdomoni," alisema. Halafu akaongeza, "Kiwandani wakijua, wataniweka wapi?"

Alikwenda kuwinda na mtu mwingine wa kiwandani. Siku zile zote sikula vizuri. Kila simu ilipolia nilifikiri ni shemeji ananiita nije. Alirudi salama, mikono mitupu, na hakuniambia neno mpaka theluji ilipoanguka.

Shemeji ndiye aliyemshinda. Alimwambia hataendelea kulala na mtu asiyesikia binti yake akimlilia usiku. Mimi ndiye niliyempeleka kaka hospitali, kwa sababu aliniomba. Walimwingiza kwenye kijumba chenye kioo, wakamvika vidude masikioni, wakampa kitufe cha kubonyeza kila atakaposikia mlio. Baadaye wangetuambia kuwa milio myembamba imekwisha kabisa, hairudi, na kwamba vifaa vitamsaidia kwa mazungumzo tu. Wakati ule hatukujua. Nilikaa nje ya kioo nikaona mpimaji akigeuza swichi moja baada ya nyingine. Kaka alikuwa ameshika kitufe kwa mikono miwili, mgongo wima, macho mbele, akisikiliza kwa bidii yake yote. Kidole gumba hakikusogea.