Plagi Tatu za Nyuma

Kwa miaka thelathini na nane Glenys Trembath hakuruhusiwa kugusa injini. Mumewe Mervyn, fundi mstaafu wa kiwanda cha kuyeyusha madini hapa mjini Port Pirie, ndiye aliyefungua boneti. Kazi ya Glenys ilikuwa kuleta chai. Kisha ugonjwa wa kutetemeka ukaishika mikono ya Mervyn, na gari lao kuukuu likaanza kukohoa.

Plagi tatu za mbele, zile za kuwashia mafuta ndani ya injini, Mervyn alizibadilisha kwa tabu. Tatu za nyuma zilikuwa zimejibana kati ya injini na ukuta wa kabini, mahali pasipoonekana. Spana ikamdondoka mara nne. Mara ya tano akaivurumisha uani.

"Ingiza mkono wewe," akasema. "Una vidole vyembamba."

Glenys akalala kifudifudi juu ya injini, shavu kwenye chuma, akipapasa.

"Kushoto! Kushoto, we mwanamke! Hujui kushoto?"

"Najua, Merv. Nyamaza kidogo."

"Anza kwa vidole, usiikaze, utaua hesi, plagi isishike tena. Mungu wangu, nimeoa gogo!"

Saa tatu nzima. Ngozi ikamchunika mpaka viwikoni. Alipowasha, injini ikanguruma laini, bila kikohozi. Moyo ukamruka kama wa msichana. Akamgeukia mumewe, angalau asikie neno moja. Mervyn alikuwa ameshafika kwenye uzio, anaongea na jirani yao, Col Hocking.

"Umeisikia hiyo, Col? Zote sita, kwa mikono hii hii. Mwingine angeishusha injini nzima."

"Hongera, mzee. Bado umo!"

Glenys akatoka garini. "Hebu mwoneshe hiyo mikono, Merv."

Mervyn akaitumbukiza mifukoni, nayo ikaendelea kutetemeka humo humo. Glenys akainyanyua ya kwake, nyeusi kwa grisi, damu imegandia. Col akageukia miche ya nyanya bustanini mwake.

"Joto kweli leo," akasema, akaingia ndani.

Muda mrefu Glenys alikuwa akidhani siku ya kumuumbua mumewe ingekuwa tamu. Haikuwa.

Mervyn hakumtukana jioni ile, wala baadaye. Jumamosi akamwachia mezani funguo za banda la vifaa. Siku hizi Glenys akiendesha kwenda dukani, Mervyn kando yake, huchelewa kubadilisha gia makusudi, injini ikalia, akasubiri kufokewa. Mervyn hutazama nje dirishani.