Wivu Katika Chumba cha Kujifungulia

Kabla Nyanzala hajaletwa kwenye zahanati ile ya upande wa Sibwesa, kila mjamzito alimwulizia Sista Bibiana. Alikuwa Mfipa, mkunga hodari, mkali kidogo. Mtu akimwita "mkunga wangu" barabarani, uchovu wote ulimtoka. Hilo si kosa. Lakini anayehudumia kwa ajili ya sifa, siku sifa zikihama, na huruma yake huhama.

Zikahama. Nyanzala, muuguzi kijana, binti wa wafugaji, aliongea Kisukuma na akina mama waliohamia huku na ng'ombe wao. Walicheka naye wakamletea maziwa mgando. Bibiana akipita, walinyamaza.

"Dada Bibiana, karibu maziwa," Nyanzala alimwambia."

"Kunywa mwenyewe. Mimi sikusomea kuchekacheka."

Asubuhi moja Malale, mfugaji, na mama yake walimleta mke wa Malale mwenye uchungu kwa pikipiki, wamembana katikati.

"Tunamtaka Nyanzala," mama yake Malale alisema kabla hata ya salamu.

Nyanzala alikuwa ametoka zamu, anafua nyumbani kwake nyuma ya zahanati. Bibiana alimsikia akiimba.

"Amesafiri. Kwani nyie mnadhani mimi hapa nafagia tu?"

Huo ulikuwa uongo, na wa kuulipia alikuwa mtoto ambaye hajazaliwa.

Uchungu ulimbana mwanamke bila kumwachia pumzi. Bibiana aliuliza kama wamempa dawa ya mizizi ya kuharakisha uzazi. Mama mkwe akatazama ukuta. Kijiji kizima kilijua jinsi Bibiana alivyowahi kumfokea mzazi mmoja mbele ya foleni kwa dawa hiyo hiyo.

"Hajanywa kitu."

Bibiana alisikiliza moyo wa mtoto. Mapigo yalishuka, yakarudi kwa kusuasua. Akasimama mlangoni. Nyanzala wangemwambia ukweli, lakini kumwita kulikuwa kukiri uongo mbele ya watu wale wale.

Akaenda.

Nyanzala alikuja na povu mikononi. "Mayu," alimwita yule mama kwa heshima ya kwao, akamwuliza kwa Kisukuma. Mama akajibu papo hapo.

"Dada, wamempa kikombe kizima alfajiri."

"Basi haifai kusubiri hapa. Piga simu, gari lije limpeleke Mpanda."

Bibiana alimlaza mgonjwa ubavu wa kushoto, akamtundikia dripu.

"Sista," Malale aliuliza taratibu, "si ulisema amesafiri?"

"Nilidanganya. Shika mkono wake hapa, usikunjike."

Huko Mpanda mtoto alitolewa kwa upasuaji, akachelewa kulia, lakini akalia.

Sisemi kwamba wivu ulimtoka Bibiana. Mpaka leo mama akimpita kumwulizia mwenzake, yeye hukaza uso, na jibu lake huwa fupi. Lakini huinuka akaenda kumwita mwenyewe, wala hamtumi mtu.